Soma daprd kwanza, msimbo baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kuendesha Dapr juu ya Kubernetes, makosa yaleyale yamerudi tena. Kumbukeni: daprd ni kontena la Dapr linalokaa pamoja na programu yako ndani ya podi moja na kuihudumia. Mengi yangekwisha kwa dakika tano kama mtu angetazama safu ya READY kwenye `kubectl get pods` kabla ya kugusa msimbo.

1. Podi ikisoma 1/1, yaani ina kontena la programu peke yake, daprd haimo. Usitafute mchawi mwingine. Mara nyingi anotesheni zimebandikwa kwenye metadata ya Deployment badala ya `spec.template.metadata`. Injekta, sehemu ya Dapr inayoingiza daprd, hutazama podi tu. Thamani ziwe ndani ya alama za nukuu: `dapr.io/enabled: "true"`, `dapr.io/app-port: "3000"`. Hiyo 3000 ni poti ambayo programu inasikiliza ndani ya kontena, si ile 80 ya Service. Na kama klasta ni ya faragha kule GKE (Kubernetes ya Google), faiawoli iruhusu poti 4000, la sivyo injekta haifikiwi kabisa.

2. Kungojeana. Hili ndilo linalotula usiku, kwa hiyo tulieni nalo.

Programu inahitaji nywila ya hifadhidata, na nywila inatoka kwa daprd. Mwandishi wake, kwa nia njema kabisa, anaandika kitanzi mwanzoni: uliza `localhost:3500/v1.0/healthz` mpaka ijibu 204 (jibu la HTTP la kufanikiwa), kisha chukua nywila, kisha fungua poti 3000. Ukikisoma kinaonekana ni kazi ya mtu makini. Lakini daprd nayo, ikishapakia komponenti (miunganisho yake na hifadhi, foleni za ujumbe na kadhalika), inasubiri poti 3000 ifunguke, na haitasema ni nzima mpaka iione. Programu inaingoja daprd, daprd inaingoja programu. Kwenye logi mstari wa mwisho ni huu:

`waiting on port 3000. This will block until the app is listening on that port.`

Hapo pakimya. Kipimo cha uhai cha daprd huanza baada ya sekunde 3, hurudia kila sekunde 6, na kikishindwa mara 3 Kubernetes inaiua daprd na kuiwasha upya. Hesabu ya RESTARTS inapanda, na anayeiona anadhani daprd ni mbovu. Anaongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 60, halafu 120. Hajatibu kitu: podi inafia palepale, ila kwa kuchelewa, na sasa hata daprd iliyoharibika kweli itachukua dakika mbili kugundulika.

Dawa ni neno moja kwenye anwani. Uliza `/v1.0/healthz/outbound`. Hiyo hujibu 204 komponenti zikishakuwa tayari, bila kuingoja programu yako. Na kama programu haipokei maombi wala ujumbe wowote, inapiga tu nje, usiiwekee `app-port` hata kidogo. Daprd haitakuwa na cha kungoja.

3. Jina la `app-id`, yaani jina la programu yako ndani ya Dapr, ni sehemu ya data. Ukihifadhi `mteja-7` kutoka programu iitwayo `kikapu`, ndani ya hifadhi ya Redis ufunguo ni `kikapu||mteja-7`. Mtu akija kusafisha majina na kuiita `kikapu-huduma`, wateja wote wanaonekana wamefutika. Hawajafutika. Usirejeshe nakala ya akiba kwa papara. Endesha `HGETALL "kikapu||mteja-7"` uwaone wako palepale. Ukilazimika kubaki na jina jipya, weka `keyPrefix` yenye thamani `kikapu` kwenye komponenti hiyo, uifunge kwa `scopes` (orodha ya programu zinazoruhusiwa kuitumia) isiguse wengine. Kwa aktari (vitu vidogo vya Dapr, kila kimoja na hali yake) hilo halisaidii. Upande wa ujumbe, `consumerID` (jina la kundi linalopokea ujumbe) nayo hufuata `app-id` usipoitaja, kwa hiyo ujumbe uliobaki kwenye kundi la zamani hauna tena wa kuuchukua.

Na kwa kuwa tumeitaja `scopes`: komponenti isiyokuwa nayo hupakiwa na kila daprd iliyomo kwenye neimspesi ile (fungu la klasta). Timu moja ikikosea anwani ya Redis, hakuna anayeumia siku hiyo. Siku podi za timu nyingine zinapowashwa upya, daprd zao zinajaribu kuifikia, zinashindwa, zinakufa, na watu wanakagua mabadiliko yao wenyewe ambayo hayana kosa lolote.

4. Yaliyobaki kwa haraka. Ujumbe waweza kufika zaidi ya mara moja, kwa hiyo kushughulikia malipo yaleyale mara mbili kusilete madhara. Job (kazi ya Kubernetes inayotakiwa kufika mwisho) haiishi mpaka uite POST `/v1.0/shutdown`. Ukipandisha toleo la Dapr, Helm (kisakinishi) haisasishi CRD, yaani fasili za aina za rasilimali zake. Zisasishe kwa mkono kwanza. Baada ya kupandisha toleo, podi za zamani zinabaki na daprd ya zamani mpaka `kubectl rollout restart`. Cheti cha mzizi anachojitengenezea Sentry, mtoa vyeti wa Dapr, hudumu mwaka 1: endesha `dapr mtls expiry` leo, andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya timu nzima, na ukihuisha cheti washa upya kila Deployment yenye daprd.