Wi-Fi Imepotea Baada ya Kusasisha, na Mengine Mawili

SWALI: Shikamoo fundi. Nina laptopu ya zamani niliyoiwekea Debian 12, aina mojawapo ya Linux. Siku ya kwanza Wi-Fi ilinisumbua, nikafuata maelekezo niliyoyapata, ikakubali, nikasahau. Wiki iliyopita nimesasisha mfumo na kuwasha upya, na Wi-Fi haipo. Si kwamba inakataa nywila, haipo kabisa, kama vile laptopu haijawahi kuwa nayo. Nikiandika `ip link` naona `lo` (njia ya ndani ya laptopu yenyewe) na `enp1s0` (kadi ya kebo) tu. Mmoja kaniambia kadi imeungua. Mwingine kaniambia nifute kila kitu nianze upya. Nimekuletea matokeo ya `lspci -nnk`, amri inayoorodhesha kadi zilizomo ndani. Nisaidie.

JIBU: Marahaba. Usifute kitu. Na kadi yako ni nzima, ushahidi umeuleta mwenyewe. Katika matokeo yako nimechomoa mistari hii miwili:

`02:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]`
`Kernel modules: bcma`

Kadi iliyoungua kwa kawaida huwa haiitiki ikiitwa. Yako imeitika, tena kwa jina na namba. Hiyo 14e4 ni ya Broadcom, na 4365 ni ya kadi yenyewe. Ukitafuta msaada popote, taja namba hizo na uachane na jina lililobandikwa kwenye mfuniko, maana laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani.

Sasa tazama kile ambacho hakipo. Chini ya kadi ya kebo umeona umeandikiwa `Kernel driver in use: r8169`. Chini ya Broadcom mstari huo hakuna. Maana yake kadi ipo, ila hakuna draiva, yaani programu ya kuiendesha, iliyoishika. Hiyo `bcma` iliyotajwa isikutie moyo: haiwezi kuiendesha kadi hii, na kifurushi ulichoweka siku ile ya kwanza kiliizuia makusudi ili isigombane na draiva inayotakiwa.

Draiva inayotakiwa inaitwa `wl`, nayo inakuja katika kifurushi cha `broadcom-sta-dkms`. Sehemu yake kubwa Broadcom waliitoa ikiwa tayari imefungwa, bila msimbo wake, kwa hiyo haikai ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kama draiva nyingine. Inabidi iunganishwe hapo hapo kwenye mashine yako, na iunganishwe tena kila kerneli inapobadilika. Kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo DKMS. Lakini DKMS ni kama fundi cherehani, bila vipimo hashoni. Vipimo vyake ni faili za vichwa vya kerneli, `linux-headers`, na lazima viwe vya kerneli ile ile inayoshonewa.

Hapa ndipo palipoharibika. Nathubutu kusema maelekezo uliyofuata siku ya kwanza yalikuandikisha `linux-headers-$(uname -r)`. Nimeyaona mara nyingi mno, na yananiudhi kwa sababu yanafanya kazi vizuri kabisa kwa siku ile. Amri hiyo inaleta vipimo vya kerneli uliyonayo saa hiyo, basi. Kerneli mpya ilipokuja, vipimo vyake havikuja nayo, DKMS ikakosa cha kushikia, na ujumbe wa kulalamika ukapita katikati ya mistari mia ambayo hakuna anayeisoma. Hata mimi siisomi yote.

Hakikisha kwanza. Andika `uname -r`, kisha `dkms status`. Nategemea ya kwanza itakujibu kitu kama `6.1.0-25-amd64`, na ya pili itakuonyesha `broadcom-sta` imewekwa kwa `6.1.0-23-amd64` peke yake. Namba zikitofautiana hivyo, tumempata mwizi.

Utasema: nitashushaje vipimo wakati sina mtandao? Kerneli ya zamani bado unayo. Washa upya, na menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ikitokea chagua `Advanced options for Debian GNU/Linux`, halafu chagua ile ya namba ndogo. Wi-Fi itarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukifika hapo usiandike `apt autoremove`, amri inayoweza kufuta kerneli ya zamani, hata mfumo ukikushauri, usije ukakata tawi ulilokalia. Andika hivi:

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-headers-amd64`
`sudo dkms autoinstall -k 6.1.0-25-amd64`

Namba ya mwisho weka ile ya kerneli mpya uliyoiona kwako. Jina `linux-headers-amd64` halina namba, na hapo ndipo penye dawa: kila kerneli mpya ikija, kifurushi hicho kinavuta vipimo vyake. Washa upya kwa kawaida, rudia `lspci -nnk`, na chini ya Broadcom utaona draiva imetajwa, `wl`.  Kinachotakiwa pia ni `ip link` ikuonyeshe jina la tatu, kwa kawaida linaloanza na `wl`.

Kama kerneli ya zamani umeshaifuta, chomeka simu kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama kadi nyingine ya kebo, `usb0` au jina refu linaloanza na `enx`, na utashusha ulivyokosa.

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani ina Windows na Linux. Nikitoka Windows kuingia Linux, kebo haishiki na `ip link` inaandika `NO-CARRIER`. Taa za tundu la kebo zimezima. Nikirudi Windows, kebo ile ile inafanya kazi. Draiva ya `r8169` ipo. Nimebadilisha kebo mara mbili.

JIBU: Acha kununua kebo. `NO-CARRIER` maana yake kadi haisikii umeme wowote kutoka upande wa pili, na mara nyingi kweli huwa ni kebo, au tundu la rauta. Lakini kebo mbovu haichagui mfumo. Wewe nadhani Windows yako haizimiki, inajifunika shuka tu. Ina kile kipengele cha kuwasha haraka, na kikiwashwa, kuzima kunaiacha nusu usingizini, na kadi inaweza kubaki katika usingizi huo bila Linux kuweza kuiamsha.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10, chomeka, ingia Linux moja kwa moja. Taa zikiwaka, nenda Windows ukakizime kipengele hicho kwenye mipangilio ya umeme. Zisipowaka, niandikie tena na uniletee `sudo dmesg | grep r8169`.

SWALI: Fundi, `rfkill unblock wifi` haisemi kitu na Wi-Fi bado imefungwa. Nakosea wapi?

JIBU: Hukosei. Andika `rfkill list` uone mistari miwili chini ya kadi. `Soft blocked` ni kufuli la programu, na hilo amri yako inalifungua. `Hard blocked` ikiandikwa `yes`, kufuli liko nje ya uwezo wa Linux: kitufe cha Fn chenye alama ya mnara, mpangilio wa BIOS (programu inayowaka kabla ya mfumo), au swichi ya kusogeza kwenye ubavu wa laptopu.

Hiyo swichi naifahamu vizuri. Kuna usiku mmoja niliweka upya mfumo mzima mara mbili, mara ya pili kwa Linux ya aina nyingine kabisa, nikiwa nimeshajiaminisha kwamba kadi haina draiva. Asubuhi, jua likiingia kwa pembeni, nikaona mstari mdogo wa rangi ya machungwa kando ya tundu la vipokea sauti. Jana yake mchana nilikuwa nimeifuta laptopu vumbi, na kitambaa ndicho kilichoisogeza swichi.