Hacknet na vidole vilivyozoea kufuta

Niliandika rm *, amri ya kufuta faili zote za kwenye folda, nikabonyeza Enter, nikavuta kikombe changu cha chai. Vidole vilifanya kazi hiyo vyenyewe, kwa sababu wiki mbili mfululizo, kila usiku, vilikuwa vinafanya hivyohivyo ndani ya gemu. Tofauti ni kwamba safari hii sikuwa ndani ya gemu. Nilikuwa kwenye kompyuta ya mteja, ndani ya folda yenye ankara zake za miezi mitatu, na Linux, mfumo endeshi kama Windows ulivyo, kwa kawaida haina desturi ya kukuuliza kama umefikiri vizuri.

Ankara zilirudi, maana kabla ya kugusa kitu cha mtu huwa nanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Mteja nilimweleza ukweli. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Gemu lenyewe linaitwa Hacknet. Tangu siku ile, vijana kadhaa wamenifuata dukani kuuliza kama linafaa kwa mtu anayetaka kujifunza udukuzi, na wa mwisho wao ni mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne. Alifika, akasema shikamoo mjomba, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba tayari ameshasema anataka kuwa mdukuzi. Nikampa laptopu ya zamani yenye gemu hilo ndani. Haya ninayoyaandika ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo hakunipa nafasi ya kuyasema.

Hacknet lilitoka Agosti 2015. Limetengenezwa na Mwaustralia, Matt Trobbiani, anayetumia jina la Team Fractal Alligator, jina linalokufanya udhani kuna jengo zima la watu. Hadithi inaanza na mdukuzi aitwaye Bit, ambaye amefariki. Siku 14 zimepita bila yeye kugusa mfumo wake, hivyo barua pepe alizoziandaa zinaanza kujituma zenyewe, na zinakuangukia wewe. Unaingia kwenye seva moja baada ya nyingine, unasoma barua za watu, unaiba faili, unafuta nyingine, na taratibu unajua nini kilimpata.

Huoni mtu hata mmoja. Kuna ramani ya mtandao yenye vidoti, kuna upande wa kulia ambako unaandika amri kwa mkono, na kuna muziki unaokufanya ukae mbele ya kiti. Ukigundulika, saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma na mlio wake unakufuata hadi kitandani. Hakuna kinachohitaji kompyuta ya gharama. Mashine yangu ya RAM GB 4 haikutoa hata jasho, na ukishalipakua huhitaji intaneti ili kulicheza, jambo ambalo kwa sisi tunaohesabu bando si dogo.

Sasa faida. Kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye tangazo la gemu: linakuondolea hofu ya skrini nyeusi. Wengi wetu tumejua kompyuta kupitia kipanya na picha ndogondogo za kubonyeza. Siku picha zikipotea na kubaki maandishi meupe, mtu anafunga laptopu na kuja kwangu akisema imekufa. Hacknet linakulazimisha ukae humo kwa saa nyingi. Unaandika ls kuona kilichomo, cd kuhamia folda nyingine, cat kusoma faili, ps kuona programu zinazokimbia, kill kuiua mojawapo. Amri hizi zote ni za kweli. Zimekuwapo kwenye Unix, mfumo ambao Linux imeuiga, tangu kabla sijazaliwa, na zitakuwapo mpaka wajukuu. Unajifunza hata kubonyeza Tab ili jina refu lijimalizie lenyewe, kitu ambacho nimewaona watu wenye vyeti ukutani hawakijui.

Kuna tukio moja ambalo lazima nilitaje, na kama unachukia kuharibiwa utamu, ruka aya hii. Katikati ya gemu kuna adui anayekurudishia kipigo: anaingia kwenye mashine yako na kufuta faili iitwayo x-server.sys. Kila kitu kinatoweka. Ramani, madirisha, rangi, vyote. Unabaki na mistari ya maandishi na moyo unaodunda, na unatakiwa utafute faili hiyo mahali pengine uirudishe kwa amri tupu. Mara ya kwanza nilidhani laptopu imekufa kweli. Jina lile halikubuniwa hewani, kwani X ndio mfumo uliobeba picha na madirisha kwenye Unix na Linux kwa miongo kadhaa. Miezi michache baadaye ililetwa mashine ya Linux iliyogoma kuonyesha picha baada ya sasisho. Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3, ikanifungulia ukurasa wa maandishi, nikaanza kazi nikiwa nimetulia kabisa. Utulivu ule niliutoa kwenye gemu, si darasani.

Namba za poti, yaani milango ya kompyuta kwenye mtandao, nazo zinaingia kichwani bila kukariri. 22 ni SSH ya kuingia kwenye mashine iliyo mbali, 21 ni FTP ya kuhamisha faili, 25 ni barua pepe, 80 ni wavuti, 1433 ni hifadhidata ya SQL ya Microsoft. Ndivyo zilivyo hata nje ya gemu.

Tatizo linaanzia palepale. Ndani ya Hacknet, kuingia kwenye seva ni hivi: unaandika probe, unaona poti zilizopo na ngapi zinahitaji kufunguliwa, unarusha SSHcrack kwenye 22, FTPBounce kwenye 21, kisha PortHack inamaliza kazi. Sekunde chache, umekuwa bwana wa mashine. Huo ni uongo, na ni uongo mtamu. SSH iliyosasishwa na yenye nenosiri imara haivunjwi na programu unayoirusha huku unakunywa soda. Wanaoingia kweli hupita kwenye programu isiyosasishwa tangu mwaka juzi, au nenosiri jepesi, au wanamdanganya mtu awafungulie mlango mwenyewe. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ambao kila mwenye simu Tanzania ameshaupokea haukuhitaji kuvunja poti yoyote. Umesafirishwa na mtu aliyejua kwamba kati ya watu wengi atakaowatumia, hatakosekana mmoja ambaye kweli alikuwa anadaiwa hela siku hiyo.

Lakini kuna mahali gemu limesema kweli tupu, na cha ajabu ni mahali ambapo wachezaji wengi wanapita wakidhani ni mzaha. Humo kuna simu za kubuni ziitwazo eOS. Zote zinafunguka kwa jina admin na nenosiri alpine, kwa sababu wenye simu hawakuwahi kulibadilisha. Neno alpine lina historia yake. Ndilo lililokuwa nenosiri la mwenye mamlaka yote ndani ya iPhone za mwanzo, na watu waliozifungua kinyume na matakwa ya Apple, wakaweka SSH na kuliacha kama lilivyo, walijikuta matatani. Novemba 2009 mnyoo, yaani programu inayojisambaza yenyewe, uitwao ikee ulisambaa kwenye simu za namna hiyo huko Australia, ukibadilisha picha ya mbele kuwa ya mwimbaji Rick Astley. Trobbiani ni wa hukohuko, kwa hiyo nadhani alijua anachokitania.

Ukitaka kujua kama somo limekuingia, nenda kaangalie ruta ya nyumbani kwako. Dukani kwangu nimefungua ruta za watu, kwa ruhusa yao, na admin kwa admin imenipokea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Badilisha leo. Hilo peke yake linafaa zaidi ya SSHcrack zote za kwenye gemu.

Kuna uongo mwingine mdogomdogo unaokaa kwenye vidole, na ndio ulioniponza. Amri ya scp, ya kunakili faili kutoka mashine nyingine, ndani ya gemu inataka jina la faili tu, nayo inakuja kwako. Kwenye Linux lazima useme jina la mtumiaji, mashine, njia ya faili na mahali inapokwenda, la sivyo unapata lawama. Gemu linakufundisha dc ili kukata mawasiliano. Iandike kwenye Linux na kama ipo itafunguka kikokotoo cha kale, ukae unakiangalia nacho kinakuangalia. Na rm * ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa gemu linakuzoesha kuifyatua kila unapoondoka kwenye seva, ili ufute kumbukumbu za ujio wako kwenye folda ya log. Unafanya hivyo mara hamsini, mara mia. Mara ya mia na moja uko kwenye ankara za mtu.

Tena huko kufuta kumbukumbu kunamfanya kijana aamini kwamba akishafuta ameoga, amekuwa msafi. Ofisi yenye akili hutuma nakala ya kila tukio kwenye mashine nyingine muda uleule linapotokea. Mtoa huduma wa intaneti naye ana kumbukumbu zake. Na hakuna saa inayolia kukuonya unafuatiliwa. Nilimwambia mpwa wangu jambo hili polepole, nikamtajia na sheria: Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka huohuo wa 2015 gemu lilipotoka, Kenya ikawa na ya kwake mwaka 2018. Kwa sheria zote mbili kuingia bila ruhusa ni kosa hata kama hukuchukua kitu. "Niliingia kuangalia tu" si utetezi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Wi-Fi ya jirani nayo inahesabika. Ndiyo, inahesabika.

Kama gemu, lina ubovu wake pia. Ukishapata programu nne tano, kila seva inafunguka kwa mpangilio uleule, na kufikia saa ya tano nilikuwa naandika kama karani anayegonga mihuri. Kinachokuokoa ni hadithi. Kuna kazi moja inayohusu mgonjwa na kifaa kilichomo kifuani mwake cha kuendesha moyo, ambapo unaombwa kufanya jambo ambalo niliondoka mezani kabla ya kuliamua. Sitaeleza zaidi. Gemu zima ni Kiingereza kitupu kwetu, halina Kiswahili, na halisamehe asiyependa kusoma. Barua ukizipita harakaharaka utakwama na kulaumu gemu. Mimi nililimaliza kwa saa kama nane. Nyongeza yake iitwayo Labyrinths, ya mwaka 2017, ni ngumu zaidi na kwa maoni yangu imeandikwa vizuri kuliko gemu mama.

Kwa hiyo nilinunue au nisilinunue? Linunue, lakini subiri punguzo, maana kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, halikosi kushuka bei. Cheza kama unavyosoma riwaya. Weka daftari pembeni, kila amri unayokutana nayo iandike, halafu kesho yake iandike kwenye Linux halisi uone ipi ni ya kweli na ipi imetungwa. Kama huna Linux, programu ya Termux kwenye simu ya Android inatosha kuanzia. Na ukiwa kwenye kazi ya mtu, kabla ya rm andika pwd uone umesimama folda gani. Mimi nimeiandika kwa kalamu nyekundu, nimeibandika juu ya meza.

Anayetaka ladha ya kizee zaidi upo mchezo wa Uplink wa mwaka 2001, kutoka Introversion ya Uingereza, ambao ndio babu wa magemu haya yote. Humo unapitisha mawasiliano yako kwenye mashine kumi kabla ya kugonga unayoitaka, na ukikamatwa umekamatwa, unaanza upya. Unatia hofu kuliko Hacknet, ila hautakufundisha amri hata moja ya Linux.

Mpwa wangu alimaliza Hacknet kwa siku nne na kuja na kifua mbele. Nikamhamishia Bandit, michezo ya bure ya kundi la OverTheWire. Pale hakuna ramani wala muziki. Unaingia kwa SSH halisi, poti 2220, jina bandit0, nenosiri bandit0, kwenye seva halisi ambayo wenyewe wamekuruhusu kuingia, na kila ngazi imeficha nenosiri la ngazi inayofuata. Ni maandishi matupu, kwa hiyo inakula bando kidogo mno.

Saa tano usiku simu ikaita.

"Mjomba, samahani kwa usiku. Nadhani bando limeisha. Nimeandika cat na jina la faili, skrini imenyamaza tu."

"Faili linaitwaje?"

"Kistari. Kistari kimoja tu, mjomba, hakuna kingine."

Nikamwambia bando halijaisha, ni kwamba cat ikipewa kistari kitupu husubiri uiandikie kwa kibodi, na akalale. Hakulala. Saa saba kasoro ujumbe ukaingia: "Imefunguka!! Sasa hii nyingine jina lake lina nafasi katikati."