Niliwasha indiketa na kioo nilitazama, mbona bodaboda kanigonga?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nina IST, huu ni mwaka wangu wa pili kuendesha, kila siku natoka kazini Posta narudi nyumbani Sinza. Wiki mbili zilizopita, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nakata kulia kuingia mtaani kwetu. Foleni imesimama pande zote. Nikawasha indiketa, nikatazama kioo, hakuna kitu. Daladala iliyokuwa inakuja upande wa pili ikanipigia taa nipite. Kuanza tu kukata, bodaboda akatokea nyuma akaingia kwenye mlango wangu wa kulia. Alichubuka magoti tu, ila kufumba na kufumbua wenzake walikuwa wamenizunguka, wanapiga bodi na kutukana. Nikatoa laki na nusu niondoke. Nilikosea wapi? Si yeye ndiye aliyeovateki mtu mwenye indiketa? Na mlango umebonyea, fundi anasema lazima apake rangi upande mzima.

JIBU

Marahaba binti yangu, na pole sana. Mimi nafundisha udereva mwaka wa kumi na tisa sasa, na kazini naenda kwa pikipiki, kwa hiyo huwa natukanwa na pande zote mbili. Kisa chako naletewa karibu kila mwezi, kinachobadilika ni mtaa tu.

Nianze na kioo. Nakubali kwamba ulitazama, na nakubali kwamba hakukuwa na kitu. Shida ni kwamba habari ya kioo inachacha upesi kuliko maziwa. Bodaboda anayepita kati ya magari yaliyosimama kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa anakula mita 11 kila sekunde. Sasa hesabu mambo uliyofanya baada ya kutazama: ukarudisha macho mbele, ukaona daladala inapiga taa, ukajiuliza kama ni wewe unayeambiwa, ukanyoosha mkono kushukuru, ukaachia breki, ukazungusha usukani. Hizo ni sekunde tatu, na hapo nakusifu kwamba u mwepesi. Ni mita 33. IST haifiki mita nne. Ukijumlisha na nafasi kati ya gari na gari, mita 33 ni magari sita au saba. Kwa hiyo ulipotazama, bodaboda alikuwa nyuma ya gari la sita, pengine amefunikwa na Coaster au Fuso. Ulipokata, alikuwa mlangoni. Ulikata kwa kutegemea habari ya sekunde tatu nyuma.

Kuna na ubinukaji wa kioo chenyewe. Saiti mira za haya magari yetu ya Kijapani zimebinuka kidogo kwa nje ili zikuonyeshe eneo pana. Eneo linapopanuka, kila kilichomo kinakuwa kidogo, na kitu kidogo akili inakiweka mbali. Kioo cha ndani ni bapa, hakina tabia hiyo. Jaribu jioni ya leo ukiwa umesimama kwenye mataa: mtazame bodaboda mmoja kwenye kioo cha ndani, halafu mtafute kwenye cha kulia. Utadhani ni watu wawili tofauti.

Hata bila kioo macho yetu yanampunja mtu wa pikipiki. Tunajua kitu kinatujia kwa jinsi kinavyonenepa machoni. Lori linanenepa mapema, unaliheshimu. Pikipiki ni nyembamba, inakaa nukta, nukta, nukta, kisha ghafla imejaa kioo kizima. Ndiyo maana lori na pikipiki vikiwa umbali mmoja na mwendo mmoja, dereva anadhani pikipiki itachelewa kufika. Usiku ni balaa zaidi, maana taa mbili za gari hukupa kipimo kwa nafasi iliyo kati yake, lakini taa moja haikupi chochote. Na hapa kwetu taa moja inaweza kuwa bodaboda, inaweza kuwa Noah chongo.

Haya si mambo ya Dar peke yake. Kule Marekani, profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walikwenda kuchunguza ajali 900 za pikipiki za eneo la Los Angeles pale pale zilipotokea. Ripoti yao ya 1981 ilionyesha kwamba pikipiki na gari vilipogongana, takriban mara mbili katika kila tatu ni gari lililokuwa limeikatia pikipiki njia, na kauli ya wenye magari ilikuwa ile ile yako: sikumwona. Los Angeles ile haikuwa na kijiwe wala hesabu ya siku, lakini jicho la binadamu ni hili hili.

Sasa ile daladala. Hapa ndipo hasa ningekushika mkono kama ningekuwa nimekaa kiti cha pembeni. Dereva wa daladala alikupa njia iliyo yake. Hakuwa na uwezo wa kukupa ya bodaboda anayekuja nyuma yako, wala ya yule aliyekuwa anapenya kushoto kwake, upande wa mtaro, ambaye kwa bahati hukukutana naye. Wanafunzi wangu wengi wakipigiwa taa wanaona aibu kumchelewesha mtu aliyewatendea wema, basi wanakata haraka. Usikate haraka. Pita mbele ya daladala kwa mwendo wa kutambaa, pua ya gari ikifika usawa wa ubavu wake simama kabisa, chungulia, ndipo uendelee. Konda akipiga kelele, mwache apige.

Umeuliza kwa nini anaovateki mtu mwenye indiketa. Kwanza, huenda hakuiona. Yeye anakuja akiambaa ubavuni mwa foleni, na taa yako ya nyuma iko chini, nyuma ya bampa la gari linalokufuata. Pili, hata akiiona, mjini kwetu indiketa imekuwa na maana nyingi mno. Kwenye foleni mtu anawasha ya kulia kwa sababu anataka kuchomekea njia ya pili, akikosa nafasi anakaa nayo inawaka dakika tano. Barabara za mikoani lori linawasha ya kulia kumwambia aliye nyuma asipite, na ya kushoto kumwambia apite. Bodaboda anayeona gari limesimama, matairi yamenyooka, indiketa inawaka, anasoma “huyu haendi popote sasa hivi”. Anachosoma yeye ni matairi ya mbele na kichwa cha dereva. Kama una tinti nyeusi kama nyingi ninazoziona, kichwa hakionekani, yamebaki matairi.

Kwa hiyo mwambie kwa gari lenyewe. Unapokaribia kukata kulia, washa indiketa mapema, kisha sogea taratibu ubane mstari wa katikati mpaka pikipiki isipate upenyo kulia kwako. Anayetaka kupita apite kushoto, ambako wewe huendi. Matairi yaache yamenyooka wakati unasubiri, maana ukiyageuza kabla, gari la nyuma likikugusa linakusukuma moja kwa moja mbele ya wanaokuja. Shusha kioo cha dirisha lako. Boxer au TVS unaisikia kabla hujaiona, na joto la Dar utalivumilia nusu dakika. Kisha, na hii ndiyo ungeifanya siku ile, tazama kioo cha kulia na ugeuze shingo juu ya bega sekunde ile ile kabla ya kuzungusha usukani. Kutazama kwa kwanza ni kwa kupanga; kwa pili ndiko kunakookoa mlango.

Vioo vyenyewe wengi mmevitega vibaya. Mtu anakaa, anarekebisha saiti mira mpaka aone milango yake ya nyuma vizuri. Ya nini? Milango yako haiendi popote. Egemeza kichwa karibu na dirisha la kulia, toa kioo cha kulia nje mpaka ubavu wa gari uonekane kama uzi tu. Kwa cha kushoto, inamia katikati ya viti viwili ufanye vivyo hivyo. Ukikaa wima hutaona gari lako kabisa, na siku mbili za kwanza utajisikia kama umevuliwa nguo, lakini ile sehemu ya pembeni inayomeza pikipiki nzima itakuwa imepungua sana. Haiishi, shingo bado ina kazi. Vile vioo vidogo vya duara wanavyouza machinga kwenye foleni vinasaidia pia, ila bandika kimoja kila upande kwenye kona ya nje, usijaze.

Na nguzo za kioo cha mbele. Ukiwa unatoka mtaani kuingia barabara kubwa, nguzo ya kulia inaweza kumfunika bodaboda anayekuja na ikaendelea kumfunika, kwa sababu wewe unasogea na yeye anasogea. Yumbisha mwili mbele na nyuma kama mtu anayechungulia dirishani. Unaonekana kituko, sawa.

Nani alikuwa na makosa kisheria? Ramani ya ajali siioni, na mimi si trafiki. Lakini usitembee na imani kwamba indiketa ilikupa haki. Indiketa ni taarifa. Anayekata ndiye anayepaswa kuhakikisha njia iko wazi. Yeye naye hakupaswa kuovateki kwenye njia panda, na kama mstari wa katikati haukukatika alikuwa na kosa jingine. Mara nyingi trafiki akipima anakuta kila mmoja ana lake. Ndiyo sababu laki na nusu yako inaniuma: uliilipa kabla mtu yeyote hajapima. Siku nyingine piga picha magari yakiwa palepale yalipogongana, piga na alama za breki barabarani, na uwaite polisi. Aliyeumia anahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na hata kama anasema yuko sawa aende akapimwe kama kichwa kimegonga chini. Bima ndogo ipo kwa ajili ya mtu uliyemdhuru, lakini kampuni itataka ripoti ya polisi, na makubaliano ya pembeni ya barabara hawayatambui. Ukizungukwa na unaogopa, funga milango, nenda taratibu hadi kituo cha polisi kilicho karibu na useme hapo hapo kilichotokea. Kutoroka ni kitu kingine.

Wale waliokuzunguka siwatetei. Kupiga gari la mwanamke aliye peke yake ni uhuni. Ila ujue wanachokiona wao: mwenzao pikipiki si yake, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, na kama yuko kwenye mkataba wa kuilipia kidogo kidogo mpaka iwe yake, kila siku chombo kikilala gereji deni halilali. Bima kubwa hana. Kijiwe ndiyo bima yake, na kijiwe hulipwa pale pale, kwa kelele.

Na kwa kuwa najua vijana wa kijiweni mnaonyeshana haya majibu kwenye simu, nina neno na ninyi. Mnang'oa saiti mira ili mpenye, halafu mnashangaa gari limewafikia bila taarifa. Breki ya mbele mnaiogopa kama nyoka. Kwenye kilomita 40 kwa saa, barabara kavu, ukichelewa sekunde moja kushtuka kisha ukakanyaga ya nyuma peke yake, utasimama kwenye mita 29 hivi. Ukitumia zote mbili kwa kukamua, sio kubamiza, ni kama 21. Hizo mita nane ni magari mawili. Aliyemgonga huyu dada, nina hakika tairi lake la nyuma lilijifunga akateleza amenyooka kama mbao, maana tairi lililojifunga halikati kona. Kwenye foleni iliyosimama teremka mpaka kilomita 20. Taa iwake mchana.

Mimi mwenyewe, miaka mingi nyuma, nilifungua mlango Kariakoo bila kutazama nikamwangusha mzee wa baiskeli na kreti mbili za mayai. Tangu siku ile nafungua mlango wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mkono ukivuka kifua, mwili unageuka wenyewe na macho yanafika nyuma. Wanafunzi wananicheka mpaka wazoee.

Kuhusu mlango wako: kama bati limebonyea bila kukunjamana na rangi haijapasuka, fundi anayejua kazi atalisukuma litoke kwa ndani baada ya kufungua kava, bila kupaka hata tone. Kama rangi imechubuka, mlango unapakwa peke yake, na fundi makini anaififisha rangi kidogo kuelekea milango ya jirani ili isionekane kiraka. Kupaka upande mzima ni pale tu ambapo upande wote umekwaruzwa. Peleka kwa fundi wa pili kabla hujalipa, na safari hii usilipe kwa haraka.