Kabla hujampelekea fundi fremu mchoro wako wa Kiaborijini

Michoro mingi ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huuzwa Alice Springs, mji wa jangwani katikati ya nchi, ikiwa imeviringishwa tu, haina mbao wala fremu. Mteja akifika na mchoro wake kwenye karakana yetu hapa Melbourne, swali la kwanza huwa ni rangi ya fremu. Mimi huugeuza kwanza nitazame mgongoni. Kazi za jangwani mara nyingi hazina sahihi mbele. Jina la msanii, kituo cha sanaa (mahali wasanii wa jamii moja wanapochorea na kuuzia kazi zao) na namba ya katalogi viko nyuma. Piga picha maandishi hayo. Mchoro ukija kuuzwa tena kwenye mnada au galari kwa dola 1,000 za Australia au zaidi, kuna sheria iliyoanza kutumika mwaka 2010 inayompa msanii asilimia 5 ya bei hiyo, na bila maandishi hayo ni taabu kujua nani alipwe.

Kisha mwambie fundi wako waziwazi: hakuna kukata turubai, na hakuna kukunja rangi ubavuni. Hapa ndipo watu wanapoumia. Wazee wa Papunya, makazi ya Waaborijini jangwani, walianza mwaka 1971 kuchora hadithi za ardhi yao kwa rangi za dukani, na mwaka uliofuata wakaunda kampuni yao, Papunya Tula. Mpaka leo wachoraji wengi wa jangwani hutandaza kitambaa chini, wakakaa, wakachora kwa nukta kutoka kila upande hadi ukingoni. Nukta za mwisho kabisa ni sehemu ya hadithi kama zile za katikati. Fundi asiyejua huzikunja nyuma apate pa kupiga pini. Tuliwahi kuletewa kazi kutoka karakana nyingine, safu nzima ya nukta imelala nyuma ya mbao kwa miaka. Ikiwa ukingo mtupu ni mwembamba mno, mhifadhi wa sanaa anaweza kuongezea mkanda wa kitambaa kwa nyuma. Si rahisi mfukoni, lakini lipa.

Mbao za ndani, zile ambazo turubai huwambwa juu yake, ziwe kavu, zimenyooka, na ukingo wa mbele umechongwa mteremko ili usiache alama kwenye turubai. Mchoro mkubwa hudai mbao ya kukingama katikati. Turubai isiwambwe kama ngoma: rangi ya akriliki, ile ya dukani, hukakamaa kwenye baridi, na mvutano mkali huweza kuitia nyufa. Ivutwe kwa kiasi, kwenye pembe za mbao ziwekwe kabari zisizogundishwa. Ikilegea, unazigonga kidogo.

Kuhusu fremu yenyewe sina maoni mawili. Chagua fremu ya kuelea, yaani boksi la mbao lisilo na mdomo wa kufunika mchoro, lenye mwanya wa milimita 5 hadi 10 kuzunguka pande zote. Ukingo wote unaonekana na hakuna mbao inayogusa rangi. Nyeusi inakubali karibu kila kazi. Mbao ya mkaratusi inayouzwa hapa kwa jina la Tasmanian oak inapendeza na rangi za udongo mwekundu. Dhahabu yenye nakshi waachieni wafalme. Kioo hakihitajiki kwa akriliki, na kikigusa rangi huweza kunata.

Ila uliza kwanza kama ni akriliki kweli. Wachoraji wa Warmun, kule Kimberley kaskazini-magharibi mwa Australia, hutumia udongo wa rangi wa asili, na huo hupukutika. Usiupanguse hata kwa kitambaa kikavu, na mtaarifu fundi kabla hajafungua bomba ulimoviringishiwa mchoro.

Watu hubishana pia upande wa juu wa mchoro ni upi. Kazi nyingi zinaonyesha ardhi ikitazamwa kutoka angani, kwa hiyo huenda hazina juu. Ulizia kituo cha sanaa. Wakisema ni hiari yako, mwambie fundi aweke vishikizo pande mbili ili uweze kuugeuza. Cheti cha uhalisi wa mchoro kitie kwenye bahasha nyuma ya ubao wa kufunikia, kisigundishwe kwenye turubai.

Wanaotuma zawadi Dar au Mombasa, msiwambe huku. Viringisheni rangi ikitazama nje, kwenye bomba nene, na karatasi laini isiyo na asidi juu yake. Fundi wa huko apewe maelekezo haya haya, na azingatie zaidi zile kabari, maana unyevu wa pwani hulegeza turubai haraka.