Usilipie programu ya duka kabla hujaijaribu na sukari ya kupima

Mkuu, umeuliza kama umtumie wakala hela ya mwaka mzima ya programu ya duka, ile ya simu ya kurekodi mauzo na stoo. Usitume hiyo hela. Usiangalie punguzo linaloisha Jumapili. Mimi pia niliambiwa "mwisho leo", na tangazo lile lile bado linazunguka kwenye magrupu.

Unasema kulipa mwaka mzima ni nafuu kuliko mwezi kwa mwezi, na kwenye video programu inaonekana nyepesi. Kwenye video wanauza soda na sabuni! Mimi nina duka la vyakula. Nililipa 180,000 kabla sijaingiza hata bidhaa moja, nikaja kukwama kwenye sukari. Mfuko wa kilo 50 nauza kwa kilo, nusu na robo. Programu inajua mfuko tu. Huduma kwa wateja wakaniambia nitengeneze bidhaa nne: mfuko, kilo, nusu, robo. Nikatengeneza. Kumbe kila moja ina hesabu yake, ukiuza robo mfuko haupungui stoo. Mafuta ya kupima, hivyo hivyo. Jioni hela ya droo na hesabu ya simu haviendani, nikaanza kumshuku kijana anayenisaidia dukani. Nilimsema mbele ya wateja. Hakuwa ameiba chochote. Hilo linaniuma kuliko hiyo laki na themanini.

Sasa huyo wakala aliyeniuzia mimi. Alinishawishi nisilipie Play Store, nimtumie kwenye namba yake ya simu, eti bei inashuka. Hakusema ninachopoteza. Ukinunua ndani ya Play Store una saa 48 za kuiomba Google ikurudishie hela, zikipita unaelekezwa kwa mtengenezaji. Ukimtumia mtu kwenye namba yake, Google haihusiki kabisa. Nilipomdai akajibu hela imeshaingia kwenye mfumo. Mfumo gani, wakati muamala umetoka na jina lake? Baadaye akawa hapokei simu. Na ndiye huyo huyo aliyeniambia risiti za kiprinta chake cha Bluetooth zinatosha kwa TRA, mamlaka ya mapato. Uongo mtupu, ile si risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi.

Tena hata hizo saa 48 hazitoshi kwa programu ya duka. Gemu unaijua ndani ya dakika kumi. Hii utaijua mzigo mpya ukishaingia, watu wakishakopa na kulipa nusunusu, na ukishafunga hesabu za mwezi. Ndiyo maana nasema: mwezi mzima bure, kwa bidhaa zako mwenyewe, ndipo ulipe. Anayekuuzia asikudanganye kwamba maduka ya programu kama Play Store hayaruhusu. Hata Apple, wanaojulikana kwa ukali, tangu 2018 wanaruhusu programu ya kulipia mara moja itoe muda wa majaribio bure.

Mpigie leo huyo anayekuuzia umuulize mawili. Nikiuza robo kilo, mfuko unapungua stoo? Nikiacha kulipa, naweza kutoa hesabu zangu zote nikazifungua kwenye Excel? Asikujibu kwa mdomo, afanye kwenye simu yako ukiwa unaangalia. Akisema lipa kwanza ndipo utaona, baki na daftari lako. Akikubali kukupa mwezi, anza kuingiza sukari, mchele na mafuta ya kupima. Soda ziache za mwisho.