Kabla Hujamnunulia Mzazi Hodhi la Kuogea

Juzi dada mmoja wa Jinja aliniandikia. Mama yake amepooza upande mmoja, yeye mwenyewe ana akiba kidogo, na kwenye simu ameona hodhi la kuogea lenye mlango ubavuni. Anauliza kama aagize. Nilimjibu haraka, "Usitume hela bado," lakini jibu kamili ni refu. Najua pia wengi wenu mnaosoma hapa mnawajengea wazazi au mna mpango huo, kwa hiyo nawaandikia wote.

Mimi niliagiza. Langu halikuwa na mlango, lilikuwa lile la kawaida, jeupe, la kung'aa. Baba alikuwa ametoka hospitali baada ya kiharusi, mkono wa kushoto umelala na mguu wa kushoto anauburuza. Miaka yote ya jeshi alioga kwa ndoo, na alipostaafu hapa Bombo, Uganda, akaendelea na ndoo yake nyuma ya nyumba. Nikasema sasa mzee wangu atastarehe. Nililipa shilingi 2,500,000, nikakodi pikapu, majirani wakatoka kutazama. Siku ile kichwa kilinivimba kwelikweli.

Ukingo wa hodhi lile ulikuwa na kimo cha sentimita 55. Mguu mbovu wa Baba ulikuwa hauinuki hata 15. Hesabu ndogo kama hiyo sikuifanya, kwa sababu nilipima chumba, sikumpima mtu. Dukani nako hakuna aliyeniuliza anayeoga ni nani.

Siku ya tatu alianguka. Alikuwa anatoka, akashika kile chuma cha kutundikia taulo, kikachomoka na skrubu zake mbili pamoja na kipande cha plasta ukubwa wa kiganja. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni, nikakimbia hadi mlangoni, nikasimama pale pale. Mimi ni binti yake, naingiaje baba yangu akiwa uchi? Mama naye magoti yake hayana nguvu ya kumwinua mtu. Nikabaki nimeshika kitasa, naita, "Baba, umeumia?" na yeye kimya. Alinyamaza hivyo mpaka kaka yangu alipofika na boda.

Mfupa haukuvunjika. Ila kwa miezi minne Baba hakukubali kuoga mpaka kaka awepo, na kijana tuliyemwajiri amwogeshe, Baba alimfukuza mchana uleule. "Sijaogeshwa na mtu tangu nilipokuwa mtoto," alisema. Siku moja kaka akaniambia mbele ya wageni kwamba mimi nilinunua sifa, si bafu. Neno hilo bado linanichoma.

Hodhi tulilitoa. Sasa liko nyuma, linakinga maji ya mvua ya kumwagilia mboga. Mahali pake tukaweka bomba la mvua kwenye sakafu iliyo sawa na ya ukumbini, bila kizingiti hata kidogo. Fundi alitaka kuinua ukingo "maji yasitoke", nikakataa. Kinachozuia maji ni mteremko, na sentimita 2 kwa kila mita kuelekea shimo la maji zinatosha. Vigae vinavyoteleza tulivibandua, tukaweka vidogo vya kukwaruza, maana mistari mingi ya saruji katikati yake inaushika mguu.

Pa kukalia tulijenga kibaraza cha matofali na saruji. Viwango vya Marekani vinasema kiti cha bafuni kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48. Lakini Baba tulimkalisha kwanza kwenye kiti cha kawaida, tukapima toka sakafuni hadi nyuma ya goti lake: 46. Tukajenga 46.

Vyuma vya kushikilia ndivyo vilivyonifundisha zaidi. Tulivichomelesha kwa mafundi wa Katwe, Kampala, tukavifunga kwa bolti zinazopenya ukuta mzima, na nje zikakazwa kwa bamba la chuma, kwa sababu plasta haibebi mtu. Viwango vilevile vya Marekani vinataka chuma kihimili kilo 113 hivi na kiwe sentimita 84 hadi 91 toka sakafuni. Kaka yangu alining'inia hapo kwa uzito wake wote, hakikutikisika. Nikashangilia. Kisha Baba akaingia, akakaa, akatazama chuma, akasema taratibu, "Mwanangu, mkono huu umekufa." Tulikuwa tumekifunga kushoto! Nililia pale pale. Watu wazima watatu, na hakuna aliyemwita aje akae kabla fundi hajatoboa ukuta.

Tukakihamishia kulia, na koki nayo kulia, aifikie bila kuinuka. Bomba lake ni la mpira, la kushika mkononi, urefu wa mita moja na nusu. Kuhusu maji ya moto muwe waangalifu sana: aliyepata kiharusi anaweza asihisi joto upande ule. Ayapime kwa mkono mzima, na hita isizidi nyuzi 49.

Sasa lile hodhi lenye mlango. Mtu anaingia likiwa tupu, anafunga mlango, anakaa akisubiri lijae. Akimaliza hawezi kufungua mpaka maji yote yatoke, anabaki ameloa, anatetemeka. Mengi yanachukua lita 150 hadi zaidi ya 200, yaani majerikeni 8 hadi 10 na kitu, na sote tunajua bomba linavyokauka. Kwa mwenye maumivu ya viungo anayehitaji kujiloweka, na mwenye tangi kubwa, sawa. Kwa wengi wetu, hapana.

Jamani, tuache kuwajengea wazazi kwa ajili ya macho ya majirani. Mzazi ana aibu yake, ana desturi zake, ana mkono mmoja anaoutegemea. Muulize. Mwulize tena akiwa amekaa mahali penyewe. Sheria ya Uganda ya Watu wenye Ulemavu ya 2020 ipo, lakini haitakuja kukagua bafu la nyumbani kwako, hiyo ni kazi yako wewe mtoto.

Wiki iliyopita Baba aliingia peke yake, akafunga mlango kwa ndani. Tulisikia maji yakimwagika, yakakoma, kisha akatawadha akiwa amekaa pale pale kibarazani, akatoka na kanzu yake kwenda kuswali.

Dada wa Jinja, nitumie vipimo vitatu: toka sakafuni hadi nyuma ya goti la mama, mguu wake mbovu unainuka kiasi gani, na upana wa mlango wa bafu. Niambie pia mkono mzima ni upi. Nitakuchorea.