Re: Gari bado lina waranti, mvua ikinyesha kapeti ya abiria inaloa

Mkuu, kwanza usiguse silikoni, ile gundi ya kuzibia maji. Umesema mafundi wa wakala wamebadilisha mpira wa mlango na maji bado yanaingia; ukijipakia silikoni mwenyewe, watasema umeharibu wewe, na waranti itakuwa ugomvi.

Washa AC siku ya jua kali, uendeshe kama saa moja. Kapeti ikiloa bila mvua, ni bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Ikibaki kavu, toa plastiki ya kizingiti cha mlango, funua kapeti, mwagia maji kwa mpira wa bomba ukianzia chini: mlango kwanza, kisha chini ya kioo cha mbele, paa mwisho. Kila sehemu ipe dakika kadhaa. Mtu akae ndani na tochi. Usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari, itapenyeza maji hata pasipovuja.

Mimi nashuku pale chini ya waipa. Majani yakijaa, maji hayashuki, yanapanda hadi kwenye tundu la feni na kumwagika miguuni kwa abiria. Kama una sanrufu (dirisha la kwenye paa), mimina kikombe cha maji kwenye kona ya mfereji wake uone kama yanatoka chini ya gari.

Piga video tone likidondoka, wapelekee kwa maandishi, udai nakala ya karatasi ya kazi kila unapoliacha gari. Na wasianike kapeti juu juu. Sponji ya chini hukaa na maji wiki nzima, na kwenye magari mengi soketi za waya zimepita humo humo.